Bwana Josho na Mstari wa Pili

Mwaka wangu wa mwisho chuoni Morogoro swali moja lilininyima usingizi: je, Baba alijua? Nililigeuza kila upande. Kama alijua, basi miaka minane alibeba lawama yangu kimya, huku mimi nakula, nasoma na kucheka na wenzangu. Kama hakujua, basi hadi leo aliamini kwamba yeye ndiye aliyeua ng'ombe wa watu. Sikuweza kusema lipi baya zaidi. Kila nilipodhani nimeamua, lile jingine lilinuka vibaya kuliko la kwanza.

Kijijini kwetu Endamarariek hawakumwita Baba kwa jina lake. Walimwita Bwana Josho, kama walivyosema Bwana Shamba na Bwana Afya, ingawa hao wengine walikuwa na vyeti na baiskeli za serikali, na yeye alikuwa na fimbo ya kupimia na ufunguo wa stoo ya dawa. Josho lenyewe lilikuwa mfereji mrefu wa saruji uliojaa maji ya dawa ya kuua kupe. Ng'ombe hutumbukia upande mmoja, huogelea, kisha hupanda ngazi upande wa pili na kusimama pale anachuruzika. Kila Jumanne na Ijumaa waliletwa ng'ombe wa vijiji vitatu, na mara nyingine Wamasai walishusha ng'ombe wao kutoka upande wa Ngorongoro. Vumbi jekundu lilipanda hadi huwezi kumtambua jirani yako.

Watu wote walipenda kusimama pale ng'ombe anapotumbukia, maana huko kuna kelele na vituko. Baba alisimama anapotokea. Alimshika sikio kila wa kumi hivi, akalifunua na kuchungulia ndani.

"Kupe hakai mgongoni ukamwona," aliniambia. "Yuko humu."

Mzee mmoja aliyeishi ng'ambo ya korongo, mwenye ng'ombe kumi na mmoja na maneno mengi, alizoea kutafuta njia ya kukwepa foleni. Nilimsikia asubuhi moja ya Julai, ukungu bado haujapanda.

"Bwana Josho, leo baridi. Hawa wangu wanaogopa maji. Wacha tupite pembeni."

"Wewe mwenyewe umeoga lini?"

"Mimi? Jumapili."

"Ya mwezi gani?"

Watu walicheka hadi ng'ombe wakashtuka, na Mzee wa Ng'ambo alicheka kuliko wote. Walikuwa marafiki. Nalisema hili mapema ili baadaye nisionekane nimelificha.

Nyumbani Baba alizungumza Kiiraqw, joshoni Kiswahili. Alikifanya Kiswahili kama nguo ya kazi: alikivaa asubuhi na kukivua jioni. Kwangu mimi peke yangu alichanganya, na kila mara aliniita mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao. Alinuka dawa. Ilikuwa imeingia kwenye koti, kwenye kofia, hata kwenye mkate ukiupokea kutoka mkononi mwake. Daftari langu hakuligusa kabla hajanawa hadi kwenye viwiko. Siku aliponisindikiza Karatu kupanda lori la kwenda shule ya bweni, alisimama hatua tano mbali na wanafunzi wengine, na nilijua kwa nini. Sikumwita asogee. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilifurahi kwamba hakusogea.

Likizo zikifika alinitembeza. Mama aliziita safari za kazi. Tulikwenda Karatu kwa miguu, na pale mjini alinisimamisha mbele ya dirisha la posta, au mlango wa zahanati, au chini ya mti walipoegesha magari ya watalii wanaopanda kreta ya Ngorongoro, akasema, "Angalia mikono yake." Yaani mikono ya huyo anayefanya kazi. Tukishaangalia vya kutosha hadi mtu mwenyewe anaanza kuona haya, Baba alivua kofia na kusogea.

"Habari za kazi. Samahani. Huyu mwanangu anatafuta kazi ya kufanya akishakuwa mkubwa. Nilitaka kuuliza, wewe unalala?"

"Nalala wapi?"

"Usingizi. Kazi hii inakuacha ulale?"

Karani wa posta alijibu, "Nalala hapahapa mzee, mchana." Nesi alisema analala siku asizokuwa na zamu. Mpiga chapa wa ofisi ya shamba moja la kahawa alitazama nyuma kwanza, kisha akanong'ona kwamba halali, bosi ana mdomo. Dereva wa watalii alisema, "Mimi nalala sana, ndiyo maana wazungu wanapiga kelele kwenye kona za kushuka kreta." Mimi nilicheka. Baba alirudisha kofia kichwani na kusema njiani, "Hiyo siyo ya kwako."

Mshahara hakuuliza hata mara moja. Cheo hakuuliza. Aliamini kwamba ukimwuliza mtu kama analala, yote mengine yatatoka yenyewe. Watu walimcheka. Mzee wa Ng'ambo alisema, "Bwana Josho anamtembeza binti kama ng'ombe wa mnada, ila hamuuzi." Baba akamjibu kwamba mnadani watu huangalia meno, yeye anataka mwanawe ndiye aangalie meno ya kazi. Sijui kama baba mwingine yeyote kati ya kijiji cha Qurus na kwetu alifanya hivyo kwa binti. Wenzangu wengi walikuwa wameshaolewa.

Lakini alikuwa na kigeugeu chake. Kwa mdomo alisema daima, "Utachagua mwenyewe, mimi sina neno." Nilipokuwa kidato cha sita, zilipokuja fomu za kuchagua masomo ya chuo, nilimwambia nataka sheria. Akasema, "Vizuri, mama." Kesho yake nikakuta kipimajoto cha ng'ombe juu ya kitanda changu. Nikakirudisha kabatini. Siku iliyofuata kilikuwa kitandani tena. Kwa juma zima hatukukizungumzia, mimi na yeye, tukakihamisha tu kama watu wawili wanaocheza bao bila kutazamana. Mwisho nikaandika mifugo. Alipoambiwa alisema, "Mimi sina neno," akatoka nje haraka, na Mama akaniambia alikwenda nyuma ya zizi kucheka peke yake.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Nilipokuwa kidato cha pili ilikuja dawa mpya ya josho, ya kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Bwana Mifugo wa tarafa alishusha madebe na karatasi ya maelezo kwa Kiingereza, akasema atarudi kutueleza pikipiki yake ikipona. Pikipiki haikupona upesi. Baba hakungoja. Kwa nini angoje, na binti yake yuko likizo?

Alikaa kitako kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya stoo, kofia mkononi, kama yuko kanisani. "Soma, mama."

Mstari wa kwanza nilimsomea vizuri. Ulihusu kujaza josho mara ya kwanza: maji kiasi hiki, dawa kiasi hiki. Mstari wa pili ulikuwa na maneno marefu ambayo sikuwahi kuyaona, na kipimo chake cha dawa kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Ningeweza kusema sijui. Ni neno moja tu. Lakini alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sijatazamwa tena na mtu yeyote, na pembeni walikuwepo wachunga ng'ombe wawili wanasikiliza.

"Na huu wa pili unasemaje?"

"Ni uleule, Baba. Wanarudia tu."

Akanipa brashi na rangi nyeusi nikaandika kile kipimo kimoja ukutani kwa Kiswahili, herufi kubwa. Kila aliyepita alionyeshwa. "Hesabu hiyo ni ya mwanangu." Majuma kadhaa baadaye Bwana Mifugo alipofika, Baba alimwambia kwa fahari kwamba tumeshasoma wenyewe, iko ukutani. Yule bwana alitazama madebe, akatazama saa, akaondoka.

Miaka miwili dawa ilipungua nguvu polepole, na hakuna aliyeona. Kisha mvua za masika za mwaka wangu wa kidato cha nne zikaleta kupe wengi na ugonjwa wanaoueneza, ndigana kali. Mimi nilikuwa shule. Mama ndiye aliyenisimulia: mitoki imevimba chini ya masikio, pumzi za kukoroma, povu puani. Mzee wa Ng'ambo alizika sita kati ya kumi na mmoja wake, wakiwemo wawili wa kulimia. Mwaka ule alilima kwa jembe la mkono na shemeji zake wakimtazama. Wengine walipoteza mmoja, wengine watatu. Ukaitishwa mkutano palepale joshoni, na wakubwa wakaja na gari.

"Nani hupima dawa hapa?" waliuliza.

"Mimi," alisema Baba.

"Unapimaje?"

"Nilikosea."

Wakamnyang'anya ufunguo mbele ya watu. Kuanzia siku hiyo hakuitwa tena Bwana Josho. Walimwita Bwana Kupe, kwanza kwa hasira, baadaye kwa kuzoea tu, na mazoea ndiyo yaliyoniumiza zaidi. Mzee wa Ng'ambo hakumwita hivyo wala vile. Aliacha kumsalimu. Wakikutana kwenye njia ya kisimani, mmoja aliingia majanini.

Lakini Mama alitaja kitu kingine, kwa kupitia tu: asubuhi ya ule mkutano, kabla gari halijafika, Baba aliamka akapaka chokaa ukuta mzima wa stoo. Wakubwa walipokuja hapakuwa na maandishi. Wakati ule sikulitilia maanani, maana Baba alipenda chokaa. Akija askofu, chokaa. Akija shangazi, chokaa. Nilidhani aliona aibu ya ukuta mchafu.

Mwaka wa tatu Morogoro mwalimu wetu akafundisha majosho. Alieleza kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja saa ya chakula, kwamba ng'ombe akitoka majini haondoki na maji tu. Manyoya yake hunasa dawa kuliko yanavyonasa maji, kwa hiyo maji yanayobaki ni hafifu kuliko unavyodhani. Ndiyo sababu, alisema, dawa ya kuongezea lazima iwe kali kuliko ya kuanzia, na kila karatasi ya maelezo hutaja vipimo viwili.

Mstari wa pili ulikuwa wa kuongezea. Wanarudia tu.

Tangu siku hiyo kila nilichokijua juu ya Baba kilibadilika sura. Ile chokaa: alificha mwandiko wangu, au alipaka tu kama kawaida yake? Kile kipimajoto, kilichokuja baada ya ng'ombe kufa: alitaka nisome mifugo kwa kuwa aliipenda, au alinipeleka makusudi mahali ambapo siku moja ningekutana na mstari wa pili mwenyewe, bila yeye kunionyesha? Niliwaza hadi nikaanza kumwogopa. Barua zangu za kwenda nyumbani zikawa fupi. Mama alimwomba mtu amwandikie barua ya kuniuliza kama naumwa.

Barua ya kupangiwa kazi ilipotoka, ilinipangia tarafa yetu. Katika majukumu yaliyotajwa mojawapo lilikuwa kufufua majosho yaliyolala, na la kwetu lilikuwa la pili kwenye orodha. Nilishuka kwenye lori pale Karatu na sanduku langu, nikatembea, na njia nzima nikapanga namna tatu za kuanza mazungumzo.

Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, anapukuchua maharage ya ngwara ndani ya ungo. Alikuwa amekonda, koti lilelile. Niliinama nikamwamkia. Harufu ya dawa haikuwepo, na hilo ndilo lililonifanya nisahau zile namna tatu.

"Bibi Mifugo," alisema, akijaribu lile jina mdomoni kama mtu anayeonja chumvi. Kisha, "Unalala?"

"Silali, Baba."

"Kazi hujaanza. Hulali kwa lipi?"

"Kwa mstari wa pili."

Vidole vyake viliendelea na ngwara. Ganda moja, la pili.

"Wanarudia tu," alisema.

Nilikaa chini udongoni na nguo zangu za safari. "Ulijua lini?"

"Alipolala ng'ombe wa tatu wa yule bwana wa ng'ambo. Nilichukua karatasi nikampelekea padri, akanisomea. Alinisomea mara mbili, nilimwomba."

"Kwa nini hukusema mkutanoni?"

"Niseme nini? Kwamba nilikataa kumngoja Bwana Mifugo nikamwamini mtoto wa kidato cha pili? Hilo ni kosa la mtoto?"

"Nilikudanganya, Baba. Sikukosea. Sikuuelewa ule mstari nikasema naujua."

"Nilikuona," alisema. "Ulikuna sikio. Tangu mdogo ukidanganya unakuna sikio. Lakini nilitaka kuamini. Na hilo ni kosa la nani?"

Nikamwuliza lile la kipimajoto, kama alinipeleka mifugo ili nigundue. Akacheka hadi punje zikamwagika.

"Mama, wewe unafikiri mno. Mama yako alitaka kukitupa, nikatafuta pa kukiweka."

Alisema hivyo huku anaokota punje, na hakuinua uso. Hadi leo sijui.

Nikamwambia Ijumaa, kwenye mkutano wa kufufua josho, nitasema mbele ya watu. Kicheko kikakatika.

"Usifanye hivyo."

"Baba..."

"Afisa anayeanza kazi kwa kusema ameua ng'ombe, nani atamletea wake? Nimekubali kuitwa Kupe ili wewe uitwe hivyo unavyoitwa. Ukisema, utakuwa umenipotezea miaka yangu minane. Una haki hiyo?"

Siku tatu nilizunguka na maneno hayo. Alikuwa na hoja. Tena nilijishuku mwenyewe: nataka kusema ili yeye arudishiwe jina, au ili mimi nipate usingizi? Kama ni kwa ajili ya usingizi wangu, basi ni kulekule kwa zamani, najipendeza kwa gharama yake. Na kama nikikaa kimya kwa kumtii, je, utii huo si kimya kilekile kimevaa heshima? Alhamisi jioni nilimwambia Mama kwamba sitasema. Alinitazama, akasema tu, "Mbona unakuna sikio?"

Ijumaa watu walikuja wengi, na ng'ombe wachache, maana hawakuliamini josho. Mwenyekiti wa kijiji alinitambulisha kwa maneno marefu: binti yetu, amesoma, amerudi kwetu. Mzee wa Ng'ambo alikuwa mbele, ameegemea fimbo. Baba alisimama mbali, upande ule ng'ombe wanapotokea, ingawa josho lilikuwa bado tupu na hapakuwa na ng'ombe wa kutokea.

Nilisema. Sikusema vizuri. Nilianza katikati nikarudi mwanzo, nikaeleza karatasi na mistari miwili, nikasema kwamba Bwana Josho alipima kama nilivyomwandikia, na nilichomwandikia kilikuwa uongo wa mtu aliyeona haya kusema hajui.

Mtu nyuma akapaza sauti, "Kumbe Kupe ni wewe!" Wengi wakacheka.

"Ni mimi," nilisema.

Mzee wa Ng'ambo hakucheka. "Na wale sita wangu?"

"Siwezi kuwarudisha, mzee."

"Najua huwezi. Nauliza kama unawajua."

Nilianza kuwataja kwa rangi zao, mweusi mwenye baka, wale wawili wekundu wa kulimia. Niliwajua wote, niliwaona wakitoka majini likizo baada ya likizo. Nilipofika wa nne aliinua mkono ninyamaze. Alitembea taratibu kando ya mfereji mzima hadi upande wa pili, akasimama mbele ya Baba.

"Bwana Josho," alisema. "Umeamkaje?"

Baba alijibu kwa sauti ndogo, sikusikia alichosema. Alikuwa amenikasirikia, alinikasirikia hadi Jumatatu, hakula tulipokula. Lakini akatoa mkono, na yule mzee akaushika na hakuuachia upesi.

Mimi nikaenda kwenye ukuta wa stoo. Chokaa ilikuwa ileile yake, imepasuka lakini bado nyeupe. Nikachovya brashi kwenye rangi nyeusi, nikaacha nafasi juu, na nikaanza na mstari wa pili.